Maji ya Kuongeza Tu

Mimi hasira zangu ziko karibu, kila mtu kazini anajua. Ukigusa chupa zangu bila ruhusa utaambiwa maneno ambayo hata mama yako hakuwahi kukuambia. Kwa hiyo mnivumilie nikilisema hili kwa sauti kubwa: nilikosea mimi. Si Injinia, si daktari, wala si mdogo wangu. Nimelisema mara nyingi sasa, na aliyetakiwa kulisikia hataki kulipokea.

Kazi yangu ni kupima kutu. Kule maabara wananiita Mama Chupa, na kwa miaka ishirini na mbili nimepima mabomba, nondo, mabati, mpaka misumari. Unachukua kipande cha chuma, unakipima uzito, unakitumbukiza kwenye maji ya chumvi, unasubiri. Baada ya siku kadhaa unakitoa, unakisafisha, unakipima tena. Uzito uliopungua ndio ulioliwa. Si kazi ya kujisifia mbele ya wakwe, lakini naijua. Na kuna jambo moja katika kazi hiyo ambalo ningelifanya hata nimefumba macho: maji yakipungua kwa joto, unaongeza. Humwagi, hubadilishi, hutikisi. Unaongeza mpaka kwenye alama, unaweka tiki kwenye daftari, unaenda zako.

Basi akaja Injinia na skrubu zake. Kijana mpole, mwembamba, anayependa grafu kuliko chakula. Alinimwagia skrubu sita kiganjani na nikadhani anatania, maana zilikuwa nyepesi kiasi kwamba ungepiga chafya ungezitafuta chini ya meza. Akaniambia, "Mama, hizi ni za kufunga mifupa. Ni magnesiamu na kalsiamu kidogo. Mfupa ukishaunga, skrubu yenyewe inayeyuka mwilini, inaisha. Mgonjwa hapasuliwi mara ya pili kutolewa vyuma."

Nikamuuliza kwa nini kalsiamu. Akasema magnesiamu peke yake ni laini, kalsiamu inaipa ugumu, ila ikizidi skrubu inaliwa upesi. Wengine waliotangulia walikuwa wametia kidogo sana. Yeye alitia zaidi, apate skrubu inayoshika kwelikweli, na swali zima la mradi wake likawa moja: itakaa wiki ngapi? Mfupa wa kifundo cha mguu unataka wiki sita. Skrubu ikiisha kabla ya hapo, haina tofauti na kutofunga kitu.

Jibu la swali hilo lilitakiwa litoke kwenye chupa zangu. Chupa kumi na mbili, kila moja na skrubu yake, zimekaa ndani ya beseni la maji yenye joto la mwili wa mtu. Ndani ya chupa kulikuwa na maji yanayoiga damu, yanayochanganywa kwa unga wa aina saba. Karatasi ya maelekezo ilibandikwa ukutani, juu ya beseni, na ilisema kila baada ya siku mbili maji yote yamwagwe, yawekwe mapya. Niliisoma. Wiki ya kwanza nilimwaga, kama ilivyoandikwa. Wiki ya pili unga mmoja ukabaki chini ya kopo, na tuliouagiza haujulikani uko bandari gani. Nikajiambia, maji yenyewe masafi, hata uchafu hayana, ya nini kuyamwaga? Nikaongeza mpaka kwenye alama. Nikaweka tiki. Kwenye daftari safu ile ilikuwa na neno moja tu juu yake, "maji", na tiki yangu ilikaa vizuri chini ya neno hilo kwa wiki kumi na moja zilizofuata.

Sikumwambia Injinia. Sikumficha pia, na hilo ndilo linaloniuma. Mtu anayeficha anajua ana la kuficha. Mimi niliona kama nimefanya kazi yangu ile ile ya siku zote.

Skrubu zikatulia. Zikavaa utando mweupe, zikakaa. Injinia alikuwa akija asubuhi anachungulia beseni, anarudi kwenye grafu zake anasugua mikono. Wiki kumi na mbili zilipoisha, skrubu zilikuwa zimepungua kidogo sana. Aliniita mbele ya wageni wa mradi, akasema, "Mkono wa mama huyu ndio mradi wenyewe." Nikarudi nyumbani kichwa kikubwa, mlango ukawa mdogo.

Sasa nije kwa mdogo wangu.

Mdogo wangu ni kitindamimba wetu, fundi rangi, na jina lake la mtaani ni Ngazi. Tangu anajua kutembea hakuwahi kukutana na kitu kirefu asikipande. Tulipokuwa watoto yeye ndiye aliyevunja kioo cha dirisha la jirani kwa mpira, akafungua redio ya baba aone anayeongea amekaa wapi, akamwaga ndoo nzima ya chokaa kisimani. Yote hayo nilisema nimefanya mimi. Nilikuwa mkubwa, ngozi yangu ilikuwa imeshazoea fimbo, na yeye alikuwa mdogo mno kiasi kwamba fimbo ilionekana ndefu kuliko yeye. Mpaka leo baba yetu angefufuka angeniuliza kuhusu redio yake.

Siku moja ngazi ikateleza akiwa anapaka ghorofa ya pili. Mfupa wa ndani wa kifundo cha mguu wa kulia ukakatika, kipande kikasogea. Hospitali wakasema ni wa kufungwa skrubu. Ngazi, ambaye haogopi ghorofa, anaogopa kisu. Alipoambiwa kwamba vyuma hutiwa kisha baada ya mwaka hutolewa, yaani anapasuliwa mara mbili, alisema afadhali wamkate mguu mara moja yaishe.

Nani alimwambia habari za skrubu inayoyeyuka? Mimi. Mradi ulikuwa umepata kibali cha mgonjwa wa kwanza, kwa sababu ya chupa zangu. Nilimpelekea picha ya beseni kwenye simu. Nikamwambia, "Hizi nimezilea mwenyewe. Miezi mitatu na hazijatikisika. Wakikufunga hizi hupasuliwi tena." Akaangalia picha, akaniangalia mimi, akasema, "Dada, kama umezilea wewe, hata niwekewe kichwani." Akasaini. Wakamfunga mbili.

Alikuja kukaa kwangu, sebuleni, kitanda chake nikakiweka karibu na dirisha ili aweze kuwakosoa mafundi waliokuwa wanapaka nyumba ya ng'ambo. Kutwa nzima alikuwa kocha wao, ingawa hawakumsikia. "Ona yule, anapaka kama anamlamba paka." Daktari alikuwa amemwambia wiki nne na plasta bila kukanyaga, kisha aanze polepole.

Siku ya nane baada ya upasuaji, unga wetu ukafika. Makopo mengi, ya kutosha mwaka. Injinia akasema tuanze chupa nyingine sita, turudie, tupate grafu ya pili ya kuweka kando ya ile ya kwanza. Siku ya tisa nikazitumbukiza skrubu mpya, na kwa kuwa unga ulikuwa tele, nikafuata karatasi ya ukutani. Baada ya siku mbili nikamwaga yote, nikaweka mapya. Baada ya siku mbili tena nikafunua beseni.

Kila skrubu ilikuwa inatoa mapovu, madogo, mfululizo, kama soda iliyofunguliwa sasa hivi. Nilitoa moja kwa kibano nikaipima. Nikaipima tena, kwa sababu nilidhani mizani imekufa. Nikapima ya pili na ya tatu. Ndani ya siku nne zilikuwa zimepungua kuliko zile za mwanzo zilivyopungua kwa miezi mitatu.

Nilikaa kwenye stuli yangu. Sikuhitaji mtu anieleze tofauti, kwa sababu tofauti ilikuwa mkono wangu. Lakini nilimwita Injinia, nikamwambia, na akaenda kuchukua chupa moja ya zamani iliyokuwa bado kabatini na maji yake, akachovya karatasi ya kupima ukali. Ikageuka bluu ya giza. Akanieleza taratibu, hakupaza sauti hata kidogo, na ningependa angepaza. Magnesiamu inapoliwa hutoa gesi na kuyafanya maji kuwa makali kama maji ya majivu. Ukiyaacha humo humo, ukali ule unaivika skrubu utando mweupe, na utando ndio unaoilinda. Ukiyabadilisha, utando haukai. "Na mwilini, mama," akasema, na hakuhitaji kumalizia, maana hata mimi najua damu haisimami mahali pamoja.

"Itakaa siku ngapi?" nikamuuliza.

"Sijui. Chupa hizi ndizo zitakazotuambia."

Nikahesabu kwa vidole, kama mtoto. Chupa zilianza siku tisa baada ya mguu wa mdogo wangu. Maana yake, chochote nitakachokiona kwenye chupa, kwenye mguu kimeshatokea siku tisa zilizopita. Siku ile nilielewa kwamba nimewekwa mahali pa kuangalia, basi.

Tulikwenda kwa daktari wa mifupa aliyemfunga, siku hiyo hiyo. Alisikiliza, akavua miwani, akasema angependa kunitukana lakini muda hana. Kesho yake alimwita Ngazi, akafungua plasta akisema anakagua kidonda. Kifundo kilikuwa kimevimba upande wa ndani, na daktari alipobonyeza, ngozi ilitoa mlio mdogo chini ya kidole. Ile gesi. Ngazi akacheka, akasema mguu wake umekuwa chapati ya moto. Daktari akarudisha plasta, akanivuta pembeni.

"Tutoe, tufunge chuma cha kawaida," nikamwambia.

"Nishike wapi? Kipande cha mfupa ni kidogo, matundu yameshapanuka, na skrubu zimelainika vichwa, bisibisi itazunguka bure. Na ngozi iliyojaa hivyo nikiipasua haitafunga. Naweza kumpotezea mguu wote." Alikuwa anaongea huku anaangalia mlango. "Mfupa umeanza kushikana. Tuuache. Asikanyage wiki nane, hata kwa bahati mbaya. Na usimwambie habari hizi. Mgonjwa akihangaika hatulii."

Mradi ukasimamishwa. Hakuna mwingine aliyefungwa skrubu zile. Injinia aliandika kwenye ripoti, "tulikosea", nikamwambia aandike jina langu, akakataa. Alisema yeye naye hakuwahi kupima maji, aliangalia grafu tu. Kila mtu alikuwa mwema kwangu, na wema wao ulinichosha.

Na mimi, daktari aliposema nisimwambie, nilishukuru. Hapo ndipo aibu yangu ilipo. Nilishukuru kama mtu aliyesamehewa.

Nikamwambia mdogo wangu kwamba daktari amebadili, ni wiki nane. "Kwa nini?" "Daktari kasema." "Daktari au wewe?" Akanikazia macho huku anatabasamu. Nilipokuwa msichana nilimwambia juu ya ukuta wa shule kuna nyoka, asipande. Nikamwambia paa la msikiti lina umeme. Kumbukumbu yake nzuri, huyu. "Wewe ungeweza ungenifunga kamba mpaka nizeeke," akasema. Nikajibu kwa ukali, akageukia dirisha lake.

Kila asubuhi nikafunua beseni. Siku ya kumi ya chupa, nyuzi za skrubu zilikuwa zimeanza kufutika. Siku ya kumi na nne, kichwa kilikuwa na mashimo. Ningeweza kuacha kuangalia. Injinia alinisihi niache, chupa zile atazitunza yeye. Nikamwambia atoke mbele yangu. Nikamwaga, nikaweka mapya, nikamwaga, nikaweka mapya. Sijawahi kufuata maelekezo vizuri hivyo maishani mwangu. Kisha narudi nyumbani namkuta Ngazi dirishani, ananiuliza kazini vipi, nasema kazini kuzuri. Nilikuwa nalia jikoni nikikata vitunguu, hata siku ambazo sikupika na vitunguu.

Aliniona. Mtu aliyekaa kitandani mwezi mzima anaona kila kitu. Akajaribu utani wote alionao. Akaniambia nimekonda mpaka shingo inaonekana kama ya mtu mwenye akili. Sikucheka.

Siku ya ishirini na sita ya chupa niliingiza kibano, nikashika skrubu ya kwanza, ikakatika vipande viwili kabla sijainyanyua. Nikashika ya pili, ikafanya vile vile. Nikasimama pale na kibano mkononi nikihesabu. Mguu wa mdogo wangu ulikuwa siku ya thelathini na tano. Kwa siku tisa hakukuwa na kitu kilichoushika ila plasta na mfupa wenyewe, ule mbichi.

Nikasema yatosha. Nikafunga vipande vile kwenye karatasi, nikavua koti la kazi, nikaondoka saa nne asubuhi. Nilikuwa nakwenda kumwambia kila kitu. Njiani niliyapanga maneno, maji kwanza, kisha tiki, kisha picha niliyompelekea.

Nilifungua mlango, akapiga kelele, "Simama hapo hapo, usisogee." Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, amevaa shati safi. Magongo yalikuwa yameegemea ukuta wa mbali, mahali ambapo mkono wake haufiki. "Leo umewahi, umeniharibia. Nilitaka Ijumaa. Lakini sawa."

Akasimama.

"Kaa chini," nikasema.

"Ndiyo hiyo sauti ya nyoka wa ukutani," akasema, na akaja. Kwa plasta, mguu wa kulia, hatua moja, mbili. Nikasema kaa chini, nakuomba, mdogo wangu. Alikuwa anacheka na jasho linamtoka. Niliruka kumshika lakini kati yetu kulikuwa na meza, na nilipoizunguka alikuwa ameshafika ya sita. Ya saba akaangukia mikononi mwangu, akanikumbatia. "Siku ya nne leo. Ukienda kazini nafanya mazoezi. Umekuwa na sura ya msiba, dada, nikasema acha nimwonyeshe skrubu zake zinavyoshika."

Nilimshikilia. Karatasi yangu ilikuwa bado mkononi, nyuma ya mgongo wake.

Kesho yake tulipiga eksirei. Mahali pa skrubu palikuwa na vivuli viwili vyeusi, na kile kipande cha mfupa kilikuwa kimeteleza, si sana, upana wa unyasi. Daktari akasema unyasi kwenye kifundo ni mwingi. Kitaunga hivyo hivyo, kimekaa upande. Atatembea kwa kuchechemea, na baridi itamuuma. Ngazi akauliza, "Kupanda?" Daktari akasema kazi za chini zipo nyingi kwa fundi rangi. Akauliza alianza kukanyaga lini. Ngazi akamwambia ukweli, siku tano sasa, bila kuficha hata hatua moja.

Tukatoka tukakaa kwenye benchi la ukumbini. Aliyalaza magongo sakafuni. Kisha akasema, "Nisamehe, dada."

"Nini?"

"Nimekuharibia skrubu zako. Miezi yote ile umezilea, mimi nikazivunja kwa kiherehere. Mradi wako umekufa kwa ajili yangu, usidhani sijajua. Ndiyo maana ulikuwa unasema kaa chini."

Basi nikamwambia. Niliyasema yote, na hayakuja kwa mpangilio ule niliouweka njiani. Karatasi ya ukutani, unga uliochelewa, maji niliyoongeza, tiki, mapovu, siku tisa. Nilimwambia skrubu zilikuwa zimeshakwisha kabla hajainua hata kisigino. Nilimwambia kwamba angejua asingesimama, na hakujua kwa sababu mimi nilinyamaza. Nikafungua karatasi nikamwonyesha vile vipande.

Aliviangalia. Akakigusa kimoja kwa kidole, kikavunjika tena. Nikaona midomo yake inatetemeka na nikamshukuru Mungu, nikasema sasa atanitukana, sasa atanipiga, apumue na mimi nipumue.

"Maji tu?" akasema.

"Maji tu."

Akatikisa kichwa, akatabasamu, lile tabasamu lake la tangu utotoni. "Redio, wewe. Chokaa, wewe. Kile kioo nilivunja mimi, ukachapwa wewe mpaka ukashindwa kukaa. Nilikuwa chini ya kitanda nahesabu fimbo." Akaikunja ile karatasi taratibu, akairudisha mkononi mwangu, akanifunga vidole. "Hii niachie mwenyewe, dada. Mimi ni mtu mzima."

"Nasema kweli. Muulize Injinia. Muulize daktari."

"Utakuwa umeshawapanga," akasema. "Nakujua."

Nikaapa. Nikaapa kwa mama. Watu waliokuwa kwenye foleni waligeuka kutuangalia. Yeye akanipigapiga mgongoni kama anayembembeleza mtoto, kisha akanyoosha mkono nimwinue, nikamwinua, akayachukua magongo yake.